Bei Isomeke: Maandishi ya Papo kwa Papo Kwenye Laivu za Biashara

Ndugu Mwenyekiti, mgeni rasmi, mama zangu, baba zangu, na vijana wenzangu mnaouza mtandaoni, mbukwenyi!

Nimepewa nusu saa, na Mwenyekiti ameshanionyesha saa yake, kwa hiyo salamu ziishie hapo. Nimekuja kuzungumzia laivu zetu za biashara na namna ya kuzitilia maandishi, yale yanayotokea kwenye picha wakati uleule muuzaji anaongea, ili asiyesikia asome.

Msimamo wangu nausema mapema, ili hata atakayetoka kupokea simu asiondoke mikono mitupu. Wekeni maandishi kwenye laivu zenu, hata kama mna simu moja iliyopasuka kioo. Ila bei, kipimo na namba ya malipo msiiachie mashine, yaani programu inayogeuza sauti kuwa maandishi, iandike. Vitu hivyo vitatu aviandike mtu anayejua mnauza nini.

Tuanze na mnunuzi. Mnapowasha simu hapa Dodoma, pale Majengo au Sabasaba, mkaanza kunadi, mnadhani anayewatazama amekaa sebuleni ameongeza sauti? Yupo mtumishi kule Mtumba, mji wa serikali, simu ameiegemeza kwenye faili, sauti ameizima kwa sababu bosi yuko mlango wa pili. Yupo mama ambaye ndiyo kwanza mtoto amelala. Yupo abiria kwenye basi la Singida, dereva amefungulia muziki mpaka vioo vinatetemeka. Hawa wote wana hela, na wanachokiona ni midomo yenu inachezacheza. Zabibu wanaziona, kilo hawajui shilingi ngapi. Wataandika kwenye komenti "bei?", na ninyi mtajibu kwa mdomo, "Jamani si nimeshasema!" Na hilo jibu nalo hawatalisikia.

(Kicheko ukumbini.)

Mnacheka kwa sababu mmeshalifanya.

Halafu wapo ambao sauti hata ikifunguliwa mpaka mwisho haiwafikii. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya usikivu ya mwaka 2021, lilihesabu watu zaidi ya milioni 430 duniani ambao usikivu wao umepungua kiasi cha kuhitaji huduma. Hao si viziwi wa kuzaliwa peke yao. Wamo wazee wetu, wamo waliofanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kusaga na kukamua alizeti. Nawaomba tusiwaweke kwenye fungu la sadaka. Kiziwi anajenga, anavaa, ananunua dumu la mafuta, na akipata muuzaji anayemwelewa hahami ovyo. Upande wa haki, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Wanasheria wataeleza vizuri kuliko mimi. Mimi leo naongea hela.

Jambo moja nilikazie hapa, kwa sababu watu wengi hawalijui. Maandishi hayachukui nafasi ya Lugha ya Alama ya Tanzania. Kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni ya alama, Kiswahili cha kusoma walikikuta shuleni. Ukimwekea aya ndefu yenye mbwembwe zako za mnadani, umemchosha. Mwekee sentensi fupi na namba kwa tarakimu. Ukiweza kumlipa mkalimani wa alama siku ya laivu kubwa, mlipe, na maandishi yabaki palepale.

Sasa kazi yenyewe inafanyikaje? Mwaka 1980 Wamarekani walianza kuweka kwenye televisheni maandishi ambayo mtazamaji huyawasha na kuyazima. Vipindi vilivyorekodiwa havikuwa na shida kubwa, unakaa, unaandika, unapanga. Shida ilikuwa mubashara. Miaka miwili baadaye wakaipatia njia, na waliowaokoa ni makarani wa mahakamani. Wale wana mashine yenye vibonye vichache, vinabonyezwa kadhaa kwa mpigo mmoja, kila mpigo unaandika silabi au neno zima. Karani aliyeiva anapita maneno 200 kwa dakika. Mwanadamu wa kawaida haongei kwa kasi hiyo, labda madalali wa mnada wa Msalato.

Waingereza nao mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaja na mbinu nyingine, na hii naomba muisikilize kwa makini kwa sababu tunaweza kuiiba kesho asubuhi. Walimkalisha mtu kwenye chumba kimya, amevaa vifaa vya masikioni. Anasikiliza mtangazaji, kisha anarudia maneno yale yale kwa sauti moja iliyonyooka, bila hisia, akitaja mpaka nukta na mkato, mbele ya kompyuta iliyokwisha izoea sauti yake. Kompyuta inamwandika yeye, haimwandiki mtangazaji. Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu uwanja wa mpira una kelele, na mtangazaji akipandwa na mzuka hutafuna maneno. Mrudiaji hapandwi na mzuka.

Fikirieni viwanja vya Nzuguni wakati wa Nane Nane. Upepo wa Agosti mnaujua, unapuliza mpaka turubai linaimba. Banda la jirani wamefungulia singeli, jenereta linanguruma nyuma yenu. Hapo hakuna programu duniani itakayowasikia sawasawa. Lakini mkimweka kijana wenu ndani ya gari lililofungwa vioo, masikioni anasikia simu yenu, mkononi ana simu ya pili imewashwa uandishi wa sauti wa Kiswahili, naye anarudia kwa ufupi: "Zabibu nyekundu za Hombolo. Kilo tano. Zimevunwa leo." Hilo linaandikika. Anakagua kwa jicho, anabandika kwenye komenti, au anayatuma kwenye kompyuta inayorusha picha. Kama ana kipaji cha kufupisha, ndiyo bora zaidi. Hakuna anayedai kila "eeeh bwana wee" yako iandikwe, ingawa mimi binafsi moja moja ningeiacha, ina ladha yake.

Mtaniuliza, mbona mashine siku hizi zinaandika zenyewe? Zinaandika. Google waliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa sauti mwaka 2017, pamoja na Kiamhari na lugha nyingine nyingi. Mwaka 2019 wakatoa programu ya simu ya kumwandikia kiziwi mazungumzo ya mtu aliye mbele yake, waliyoitengeneza wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Gallaudet cha Marekani, chuo cha viziwi. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ikatoa bure mfumo wake wa kuandika sauti, Whisper, uliofundishwa kwa saa 680,000 za sauti.

Hapo kwenye saa 680,000 ndipo pa kusimama kidogo. Karibu theluthi mbili yake ni Kiingereza. Lugha nyingine 96, na Kiswahili kikiwa humo ndani, zinagawana saa 117,000 za sauti yenye maandishi ya lugha yake, na hazigawani sawa; Kihispania na Kichina wamekula sahani kubwa. Kwa hiyo mashine ikikosea Kiswahili chako usidhani umeongea vibaya. Ni kama karani mgeni aliyeshuka leo stesheni: ana mwandiko wa haraka, ila Chilonwa, Ihumwa na Nkuhungu hajawahi kuzisikia maishani mwake. Atakuandikia kitu kinachofanana, tena kwa kujiamini. Kuna juhudi za kurekebisha hilo. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za watu wanaojitolea, na Kiswahili kimo. Vijana mnaoshinda na simu, nusu saa ya kusoma sentensi mle ndani ni mchango wa kweli. Ila mkisubiri mashine ijifunze Dodoma ndipo muanze kuuza, zabibu zitakuwa zimeshageuka mvinyo.

Sasa nifike kwenye bei. Hapa nitakaa.

Chukueni mama anayeuza mafuta ya alizeti. Anasema kwa ufasaha kabisa, "Dumu la lita ishirini ni elfu tisini na tano." Sisi wote humu tumeelewa ni shilingi ngapi. Mashine ina njia mbili za kuandika maneno hayo, 95,000 au 90,005, na kwa hesabu ya maneno zote mbili ni sahihi. Sisi tunajua hakuna mafuta ya shilingi 90,005 kwa sababu tumekulia sokoni. Hiyo shilingi tano utairudishia chenji wapi? Mashine haijui. Mkisema "tisini na tano elfu" mnaipunguzia utata, na huo ni ushauri wa bure: kwenye laivu, elfu itajeni mwisho. Vivyo hivyo na laki. "Laki moja na nusu" usiiache ielee hewani, sema laki moja na hamsini elfu.

Halafu lugha yetu ya mtaani. Buku, jero, msimbazi. Mteja wa Chang'ombe anajua buku tatu ni ngapi, mashine itaandika "vitabu vitatu" kama ina bidii ya kutafsiri. Vipimo navyo: debe, kisado, fungu, gunia. Na hasa hasa kile kisilabi kidogo cha kukanusha. "Hatupunguzi" na "tunapunguza", upepo ukipita katikati ni nani ataapa kwamba mashine imesikia lipi? Muuzaji amesema bei haishuki, maandishi yanasema inashuka, na mteja amepiga picha ya skrini. Jioni anakuja na ushahidi. Hapo mtabishana na nani?

Wenzetu waliotutangulia wameshatengeneza kipimo cha makosa haya. Uingereza maandishi ya mubashara hupimwa kwa kutoa makosa kwenye jumla ya maneno, kisha inatafutwa asilimia, na lengo ni 98 au zaidi. Lakini makosa hayalingani uzito. Kosa dogo, herufi imekosekana na msomaji ameelewa, linatolewa robo alama. La kati linatolewa nusu. Kosa zito, lile linalompa msomaji habari ya uongo inayoonekana ya kweli, linatolewa alama nzima. Mimi naipenda hesabu hiyo kwa sababu imefikiria kama mfanyabiashara. "Zabibu" ikiandikwa "zabibuu" hakuna aliyeumia. Kilo ya 3,500 ikiandikwa 2,500 umepoteza buku kwa kila kilo, au umepoteza mteja.

Tena hesabu yenyewe msiiogope. Ukiongea maneno 100 kwa dakika, laivu ya saa moja ni maneno 6,000. Ukifikia asilimia 98, alama ambazo televisheni kubwa wanazisifia, bado una alama 120 za makosa. Mtu wa maandishi hawezi kuyafukuza yote. Anachoweza ni kuhakikisha hakuna hata moja lililoangukia kwenye bei, kipimo au namba ya kulipia.

Kwa hiyo kabla ya laivu, kaeni chini muandike orodha. Bidhaa, kipimo, bei, namba ya malipo na jina litakalotokea mteja akilipa. Namba ya malipo haitamkwi ikaandikwa na mashine hata siku moja, inabandikwa kutoka kwenye orodha. Tarakimu moja ikiruka, hela imeenda kwa mtu wa Tandahimba ambaye hata zabibu hali. Huduma kadhaa za kuandika sauti pia hukubali orodha ya maneno mapema, unazidokeza majina ya mahali na ya bidhaa zako, Makutupora, Mpunguzi, Mvumi, kisha zinakuwa makini zaidi zikiyasikia. Watu wengi hawagusi sehemu hiyo na kisha wanalalamika.

Kuna suala la kuchelewa, na hili ni la haki zaidi kuliko la ufundi. Picha ya laivu haifiki papo hapo. Inakatwa vipande, inasafiri, inapangwa upya kwenye simu ya mtazamaji, na inaweza kuchelewa sekunde kadhaa au zaidi ya hapo. Maandishi yana kuchelewa kwake juu ya huko, maana mashine inasubiri ipate maneno ya kutosha ndipo iamue umesema nini. Ndiyo sababu mnaona maneno yanaandikwa, yanafutika, yanaandikwa tena. Sasa angalieni mchezo wetu wa kuuza: "Wa kwanza kuandika nachukua, ndiye wake!" Anayesikia ameshaandika. Anayesoma bei imemfikia sekunde tano baadaye, kila mara anakuta pameshachukuliwa. Hakuna aliyemfukuza, lakini kwenye laivu yako hatanunua kitu mwaka mzima. Dawa yake haina gharama. Bei itokee kwa maandishi kwanza, umeshika bidhaa umenyamaza, hesabu mpaka kumi moyoni, ndipo ufungue kunadi. Na ukimya huo unavuta watu, jaribuni mtaona.

Vifaa nitavipitia haraka. Mwenye simu peke yake: kadi ngumu nyeupe na kalamu nene nyeusi. Andika bei kwa tarakimu kubwa, isimamishe kando ya bidhaa. Msicheke, hayo ni maandishi ya papo kwa papo kamili, na hayahitaji bando. Angalia tu kamera ya mbele isiwe imegeuza picha, mteja akasoma bei kutoka kulia kwenda kushoto. Mwambie mtu afungue laivu kwa simu nyingine akuthibitishie. Mwenye kompyuta: programu ya kurusha laivu iitwayo OBS ni ya bure, ina sehemu ya kuweka maandishi juu ya picha, na kivinjari cha Chrome kinaweza kusikiliza Kiswahili kikaandika. Mistari miwili inatosha, maandishi ya televisheni ya Kimarekani yalijengwa kwa herufi 32 kwa mstari na watu wakaishi. Herufi nyeupe juu ya ukanda mweusi. Zisikae chini kabisa, huko ndiko komenti zinakopanda na mioyo inakoruka. Na ziwe kubwa, kwa sababu mtandao ukipungua picha inafifia, na herufi ndogo zitageuka vumbi.

Maiki. Kama mna hela ya kitu kimoja tu, nunueni maiki ya kubana kwenye kola, yenye sponji ya kuzuia upepo. Taa ya mviringo inaweza kusubiri, jua la Dodoma lipo la kutosha.

Kuna hatari moja naiona laivu nyingi, hasa zile za kusoma oda. "Oda ya mama fulani wa Veyula, namba yake sifuri saba..." na anamalizia tarakimu zote. Kwa sauti tu lilikuwa kosa, kwa maandishi limekuwa kubwa zaidi, maana sasa namba inanakiliwa na inabaki kwenye rekodi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika mwaka 2023. Mteja mtajeni kwa jina la akaunti yake au kwa namba ya oda. Mtu wa maandishi apewe ruhusa ya kukata kitu cha namna hiyo bila kuuliza.

Na huyo mtu wa maandishi mlipeni. Nimeona laivu ambapo kazi hii anapewa mpwa aliyekuja kusalimia, akichoka anaingia kwenye mpira. Hii ni kazi ya kusikiliza mfululizo, inachosha kichwa. Televisheni zenye uwezo hupokezana kwa zamu fupi. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma wapo wengi wenye kasi ya kuandika na wanaotafuta hela ya kula. Wawili wapokezane kila dakika ishirini.

Faida nyingine mtaiona laivu ikiisha. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yale maandishi, yakihifadhiwa na saa yake, ni daftari la mlichoahidi. Mteja akisema uliniambia usafirishaji ni bure, mnafungua mnasoma. Ikionekana kweli mlisema, mnasafirisha bure.

Sehemu iliyobaki haielezeki kwa mdomo. Pale mezani kuna kompyuta, maiki ya kola, na feni nimeiweka makusudi iwe upepo wetu wa Nzuguni. Kijana wangu yuko kwenye gari nje, yeye ndiye mrudiaji. Skrini ya kushoto itaandika mashine peke yake, ya kulia ataandika yeye. Namwomba mama mmoja mwenye bidhaa na bei yake, bei ya kweli, asitupunguzie kwa sababu ya ugeni, aje anadi hapa mbele kama anavyonadi siku zote. Yule mama wa asali, naona umeshasimama. Karibu mama yangu, na chupa yako uje nayo.